UZI: Alamu ya gari lako ina masikio, au ina mdomo tu? Tuongee kuseti sensa na kuongeza nyingine

#1 Bisibisi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeuahirisha tangu asubuhi ile nilipotoka nje nikakuta gari langu limekalishwa juu ya matofali, tairi mbili za kushoto hazipo, na kile kitaa chekundu cha alamu kinamweka taratibu pale dashibodi, kama mlinzi anayekupigia saluti huku nyumba imeshabebwa. Milango imefungwa. Vioo vizima. King'ora hakikulia hata sekunde moja, na dirisha la chumba changu linatazama gari.

Hasira za kwanza nilizimalizia kwa alamu. Nilipopoa nikakumbuka kwamba wiki chache nyuma ilikuwa inalia ovyo usiku, nikachukua bisibisi nikakizungusha kile kiskrubu cha sensa kuelekea kwenye alama ya kutoa. Ikalia tena, nikazungusha tena. Mwisho ikanyamaza, nikajipongeza kwamba nimetengeneza. Kumbe nilikuwa nimeiziba masikio.

Sasa tuanze na sensa yenyewe, ile inayokuja na karibu kila alamu ya kufunga: sensa ya mtikisiko. Ni kijiboksi cheusi kidogo kuliko kiberiti au kukizidi kidogo, kina waya nne na kiskrubu kimoja au viwili. Ndani yake kuna moja kati ya vitu viwili. Ama kisahani cha piezo, kinachotoa umeme kidogo kikitikiswa, ama sumaku ndogo iliyoning'inizwa kwenye mpira au springi karibu na koili. Gari likipigwa, sumaku inacheza, koili inatoa umeme, na boksi la alamu linapelekewa taarifa. Nyingi zina ngazi mbili. Pigo dogo linatoa onyo, yaani milio mifupi michache. Pigo kubwa linaangusha king'ora kizima. Waya mbili ni za umeme, moto (chanya) na bodi (hasi, yaani chuma cha gari), na mbili zilizobaki kila moja inabeba taarifa ya ngazi yake.

Nilipofungua plastiki za chini ya usukani nilicheka kwa uchungu. Aliyenifungia alamu alikuwa ameibandika sensa kwa gundi ya pande mbili kwenye bomba la plastiki la hewa ya AC. Mchana bomba lile linapata joto, usiku linapoa, linasinyaa, linaalika: tak! Sensa imekaa juu yake kama sikio juu ya ngoma. Wala si paka wala si upepo uliokuwa unaniamsha, ni plastiki ya gari langu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mtu alisome kabla ya kushika bisibisi: mahali sensa ilipofungwa pana kazi kuliko kiskrubu. Ukiifunga kwenye plastiki inayocheza, italia kwa mambo ya plastiki. Ukiifunga kwenye fungu nene la waya, inakuwa nzito wa kusikia lakini tulivu. Ukiifunga kwenye chuma cha mwili wa gari, inasikia vizuri kila kona na inabidi uipunguze. Mimi niliihamishia kwenye ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya dashibodi, nikaikaza kwa kamba mbili za plastiki za kufungia waya mpaka haichezi hata ukiisukuma kwa kidole. Angalia tu usifunge karibu na pedeli au kwenye kiungo cha usukani kinachozunguka. Na waya zenye ganda la njano ziache zilipo, hizo kwa kawaida ni za airbag.

Kuseti kwenyewe nilifanya hivi. Nilikirudisha kiskrubu chini kabisa (hakizunguki mzunguko mzima, kinaishia kama robo tatu, ukilazimisha unavunja), nikafunga vioo na milango, nikawasha alamu, nikasubiri dakika nzima. Usiruke hapo. Alamu nyingi hazisomi sensa sekunde za mwanzo baada ya kufunga gari, ukipiga mapema utadhani mbovu na utaongeza bila sababu. Baada ya hapo nikapiga nguzo ya katikati ya milango kwa ubavu wa ngumi. Kimya. Nikafungua, nikaongeza kidogo, kiasi cha mkono wa saa kutoka 12 hadi 1, nikafunga, nikasubiri, nikapiga. Ilichukua raundi tano. Nilipotaka pafike ni hapa: kofi kwenye mlango, kimya, ngumi ya wastani, onyo, ngumi ya mtu aliyekasirika, king'ora. Usipige kioo, utajikuta unatafuta kioo badala ya sensa.

Halafu nikazunguka kona zote nne na bampa ya nyuma. Nyuma siku zote husikika hafifu kwa sababu sensa iko mbele.

Kesho yake asubuhi kukiwa na baridi nikarudia, na mchana jua likiwa kali nikarudia tena. Ule mpira wa ndani hukakamaa kwenye baridi, na sensa iliyosetiwa saa moja tu ya siku inabadilika tabia.

Ila hata ningeyajua haya yote mapema, tairi zangu zingeondoka vile vile. Jeki inayopandishwa kistaarabu haipigi gari, inalibembeleza. Sensa ya mtikisiko haina habari nayo. Hilo nitalirudia chini, kwanza nisikie wenzangu mna alamu gani na zinawasumbua nini.

#2 Kiti Cha Nyuma

Pole kwa tairi mkuu. Nimekaa pale.

#3 Mbishi Mstaarabu

Mkuu naheshimu darasa lako ila alamu ni kelele. Siku hizi ikilia watu wanavuta shuka. Mimi nimefunga swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, sina muda wa kutuni skrubu.

#4 Bisibisi

Mbishi, wanavuta shuka kwa sababu ililia jana, na juzi, na siku ya kabla yake, hakukuwa na kitu. Alamu ikilia mara moja kwa miezi sita, hata jirani anachungulia.

Swichi yako nzuri, iache. Inazuia gari kuendeshwa. Haizuii mtu kuvunja kioo akachukua begi, wala kuondoka na rimu zako akakuachia pampu yako salama.

#5 Upepo Mwanana

Habari zenu. Langu lina alamu ya kiwandani, halina kijiboksi mnachosema. Kuna vitundu viwili vidogo kwenye nguzo za kioo cha mbele, kushoto na kulia, nimeambiwa ndiyo sensa. Inalia mchana tu, jua likiwaka, na siku nikiacha vioo wazi upenyo wa kidole ili joto litoke. Fundi kaniambia boksi zima limekufa. Ni kweli?

#6 Mwana Mita

Dada, usinunue boksi. Hizo ni sensa za ultrasoniki. Kitundu kimoja kinatoa sauti isiyosikika na binadamu, mara nyingi kilohazi 40 hivi, kingine kinasikiliza mwangwi. Gari likiwa tupu na limetulia, mwangwi unarudi vile vile kila mara. Kitu kikisogea ndani, mwangwi unabadilika masafa kidogo, boksi linajua kuna mtu.

Tatizo ni kwamba hewa yenyewe nayo ni kitu. Upenyo wa kidole unaingiza upepo, hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, mwangwi unayumba. Kwa sensa yako hiyo ni sawa na mkono ulioingia dirishani. Funga vioo vyote, na funga matundu ya hewa ya dashibodi kama yanafungika. Halafu nikuulize: kuna kitu umening'iniza kwenye kioo cha ndani?

#7 Upepo Mwanana

Kipo. Kile cha manukato, umbo la mti 🙈

#8 Mwana Mita

Kitoe, au kiweke chini ya kiti. Hicho kinacheza nusu mita kutoka kwenye sensa. Nimewahi kuletewa gari lililokuwa linalia kwa sababu ya puto la sherehe lililosahaulika kiti cha nyuma. Mdudu anayetembea juu ya kitundu naye anatosha, kwa sensa anaonekana kama tembo.

Usikivu wa hizi za kiwandani haurekebishwi kwa bisibisi. Magari mengi yanataka mashine ya kusomea gari, na baadhi hayaruhusu kabisa. Ila karibu yote yana namna ya kuzima sensa za ndani kwa safari moja, kitufe karibu na taa ya dari au kufunga mara mbili kwa rimoti. Angalia kitabu cha gari. Ukimwacha mtu amelala ndani, ndiyo kazi yake.

#9 Pole Pole

Mwana Mita nisaidie na mimi. Alamu yangu ya zamani kidogo. Inalia dakika mbili tatu baada ya kuegesha, kisha usiku kucha kimya. Nimeshashusha sensa ya mtikisiko mpaka chini. Nimeichomoa kabisa. BADO INALIA. Hapo imechomolewa jamani, inalia na nini?

#10 Mwana Mita

Ukizima gari, feni ya rejeta inaendelea kuzunguka au inajiwasha baadaye?

#11 Pole Pole

Inajiwasha. Hasa nikitoka safari ndefu.

#12 Mwana Mita

Tumemaliza. Alamu za zamani nyingi zinalinda milango kwa kusikiliza volti za betri. Mlango ukifunguliwa, taa ya ndani inawaka, volti zinashuka kidogo ghafla, alamu inalia. Kwa ujanja huo aliyefunga hakuhangaika kuvuta waya mpaka kwenye swichi za milango. Sasa feni yako ikijiwasha inavuta umeme kuliko taa kumi za ndani, na alamu haijui tofauti ya feni na mwizi.

Tafuta kwenye boksi kiswichi kidogo au kidaraja cha waya cha kuzima usomaji wa volti. Zingine zinaprogramiwa kwa kitufe. Ukishazima, vuta waya wa kweli kutoka swichi ya mlango mpaka boksi. Ni kazi ya nusu siku lakini inaisha moja kwa moja. Na pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 imejaa, 12.2 ipo nusu, chini ya 12.0 hiyo inakata roho, na betri inayokata roho huleta alamu za uongo hata kwenye boksi lisilo na ubovu.

#13 Kiti Cha Nyuma

Kumbe jamaa alikuwa anaibiwa na feni.

#14 Bisibisi

😂 Haya, turudi kwenye matofali yangu.

Nilichoongeza ni sensa ya mwinamo. Ndani yake kuna chipu ya kupima mwelekeo, jamii ya ile inayogeuza skrini ya simu ukiilaza. Ukifunga gari inasoma pembe ya gari lilivyokaa wakati huo na kuishika kichwani. Ikiona gari limebadilika pembe na limebaki hivyo, inalia. Kwa hiyo kuegesha mlimani hakuna shida, inaanzia pale ulipoegesha. Zile za kizamani za zebaki zilitaka gari likae tambarare, ukiegesha mteremko zinakuaibisha.

Kabla sijanunua nilipiga hesabu kwenye karatasi. Gari langu tairi ya kushoto na ya kulia zimeachana kama mita 1.5. Upande mmoja ukinyanyuka sentimita 5, gari limeinama nyuzi 1.9. Sentimita 10, nyuzi 3.8. Na ili tairi iachie ardhi lazima mwili upande zaidi ya unavyodhani, maana springi nazo zinanyooka kwanza na tairi inabaki chini huku gari linapanda. Kwa hiyo ukiiweka ilie kwenye nyuzi 2, mwizi wa tairi anakamatwa kabla hata nati hazijalegea vizuri. Anayevuta gari kwa kulinyanyua mbele naye amo. Anayelala chini kukata bomba la moshi ni suala jingine, akiwa mwembamba na gari ni refu anaingia bila jeki.

Nilijaribu kwa jeki yangu mwenyewe. Nimefunga gari, nimesubiri dakika, nimeanza kupandisha polepole kama mwizi mwenye adabu. Zamu ya kumi na kitu ya mpini, tairi bado imekaa chini, king'ora hicho! Niliruka.

Ila sasa kuunganisha. Boksi langu lina tundu moja tu la sensa, na tayari lilikuwa na ile ya mtikisiko. Sensa zote mbili zinatuma taarifa kwa kuishusha waya kwenye hasi, kwa hiyo zinaweza kushiriki waya mmoja wa kuingia, lakini usizisokote tu pamoja, kwa sababu moja inaweza kuivuruga nyingine. Kila moja inapewa diodi yake (kile kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), 1N4001 au ndugu zake hadi 1N4007 zinatosha kabisa.

Na mimi nikaziweka kinyume. Mchana mzima. Naegemea gari, kitaa cha sensa kinawaka kuonyesha imesikia, king'ora kimya kama kaburi. Nimepima fyuzi, nimebadilisha waya, nimefungua boksi, nimemlaumu muuzaji. Kuelekea jioni ndipo nikaitazama diodi vizuri. Ule mstari mweupe unatakiwa uelekee kwenye sensa, siyo kwenye boksi. Umeme unatoka boksi kwenda kuzamia hasi ndani ya sensa, wala sensa haisukumi kitu. Nimegeuza zote mbili, nimezichomelea kwa risasi, nimevisha ganda la plastiki linalosinyaa kwa joto. Ikalia mara ya kwanza.

#15 Mwana Mita

Hapo kwenye mstari mweupe wamekwama wengi, wakiwemo waliokaa darasani. Naongezea mawili.

Moja: kwenye magari ya kisasa usichomeke taa ya majaribio kwenye waya usioujua. Waya za mawasiliano ya kompyuta za gari hazitaki kunyonywa umeme na balbu. Tumia mita ya kupimia umeme.

Mbili: kila sensa unayoongeza inakula betri usiku kucha. Gari zima likilala, kawaida linatakiwa livute chini ya miliampea 50. Chukua betri ya ampea-saa 45. Kwa 50 inakauka kabisa baada ya saa 900, siku 37 hivi. Ukiongeza sensa zikafika 70, ni siku 27 hivi. Na kuwasha gari kutakushinda mapema zaidi, karibu na nusu ya hapo, kwa betri mpya. Kuukuu usiniulize. Anayeendesha kila siku asihofu. Anayeacha gari wiki tatu akisafiri, apige hesabu.

Kupima: mita kwenye ampea, katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, funga milango, subiri kompyuta zilale, nusu saa au zaidi. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa pale.

#16 Kona Kali

Wakuu langu ni la paa la turubai. Hiyo ultrasoniki naona hainifai, upepo unapiga turubai linapumua. Mtikisiko nao, mwizi anakata turubai kwa wembe hata gari halijui. Naambiwa nifunge rada. Rada kwenye gari tena?

#17 Bisibisi

Ipo na siyo utani. Inatoa mawimbi ya mikrowevu, yanatengeneza kama kiputo kuzunguka viti. Mawimbi yanapita kwenye kioo, plastiki na turubai, hayapiti chuma. Ndiyo maana ni chaguo la kawaida kwa magari kama lako. Kijiboksi kinafichwa katikati, chini ya plastiki kati ya viti vya mbele, mbali na vyuma.

Ina kanda mbili, ya nje kwa onyo na ya ndani kwa king'ora. Kosa linalofanywa na wengi ni kuipanua ya nje mpaka kila mpita njia anaonywa. Ukiegesha kwenye watu, utachukiwa. Mimi ningeiseti hivi: mtu akipita kwa umbali wa mkono, kimya. Akiinama kubandika uso kwenye kioo kuchungulia, onyo. Akiingiza mkono ndani ya turubai, kelele. Muombe rafiki atembee kuzunguka gari wewe ukirekebisha. Na uijaribu siku ya mvua, maji yanayotiririka juu ya kioo na turubai nayo yanarudisha mawimbi, utakuta unalazimika kupunguza ya nje kidogo.

#18 Mbishi Mstaarabu

Swali la uchokozi. Mnasema mtikisiko usiwe mkali sana. Mkali ni kiasi gani? Kofi la nani?

#19 Mwana Mita

Uchokozi wenye maana. Kanuni namba 97 ya Umoja wa Mataifa kuhusu alamu za magari ina kipimo chake: gari linagongwa na kitu cha umbo la nusu tufe, kipenyo milimita 165, kigumu kama mpira mgumu, kwa nishati ya hadi joule 4.5, na alamu haitakiwi kulia. Hiyo ni sawa na kilo moja ikianguka kutoka sentimita 46. Mpira wa watoto ukigonga mlango, kimya. Kanuni hiyo hiyo inataka king'ora kilie sekunde 25 hadi 30 kwa mara moja, siyo nusu saa kama wengine tunavyowafanyia majirani.

#20 Mbishi Mstaarabu

Basi nimekusoma.

#21 Mama Boneti

Samahani kwa kuchelewa kwenye uzi. Langu linalia mvua ikinyesha tu. Si manyunyu, mvua ya kweli. Nimeshapunguza sensa ya mtikisiko nikidhani matone yanapiga paa. Sasa mvua ikianza usiku naamka kabla ya alamu, nakaa kitandani naisubiri.

#22 Kona Kali

Itakuwa matone, punguza tena.

#23 Bisibisi

Asipunguze tena, atafika nilipofika mimi. Mama, alamu nyingi zinaacha ushahidi. Ikilia, subiri inyamaze, usiguse mlango wowote. Zima kwa rimoti kisha tazama kile kitaa cha dashibodi. Kinamweka idadi fulani, kinapumzika, kinarudia. Hesabu. Kila idadi ni eneo: mlango, boneti, mtikisiko. Idadi zinatofautiana kwa kila kampuni, kijitabu cha alamu ndicho kinachosema. Usiwashe gari kwanza, nyingi zinafuta kumbukumbu ukifungua swichi.

#24 Mama Boneti

Kijitabu nitakitafuta. Mvua nayo nitaisubiri, kwa mara ya kwanza naitaka.

#25 Pole Pole

Mrejesho: nimekuta kidaraja cha waya kwenye boksi, nimekikata, nimevuta waya wa milango yote minne. Siku ya tisa leo. Feni inawaka, mimi naendelea kula. Mwana Mita ubarikiwe.

#26 Upepo Mwanana

Na mimi nimetoa mti wa manukato na nafunga vioo. Kimya. Ila gari linanukia gari sasa.

#27 Mama Boneti

Imenyesha! Saa nane usiku ikalia, nikatoka na mwavuli na kanga, nikazima, nikahesabu. Mara nne, inapumzika, mara nne. Kijitabu kinasema nne ni boneti.

Asubuhi nimefungua. Kuna kiswichi kidogo cha pini pembeni, kofia yake ya mpira imepasuka na ndani pameota kutu ya kijani. Maji yakiingia yanaunganisha waya na bodi, alamu inadhani boneti imefunguliwa. Nimekitoa, nimekipiga msasa mpaka shaba ikaonekana, nimepaka grisi, nimeweka kofia mpya. Kisha nikamwagia boneti ndoo mbili za maji alamu ikiwa imewashwa. Kimya. Sensa ya mtikisiko nimeirudisha juu kama ulivyoelekeza kwa ngumi, raundi nne.

Sasa tatizo lililobaki ni kwamba wiki iliyopita nilikuwa nimeshanunua sensa mpya ya mtikisiko, ipo kwenye boksi lake haijafunguliwa. Kuna anayeihitaji?

#28 Kiti Cha Nyuma

Waya nne au tano? Nakuja inbox.